Mgeni Asiye na Pua

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda huku Maguu, mmoja wao alishuka Songea siku tatu, akamwachia Mansuetus, mdogo wa marehemu mume wangu, mbwa wake. Mbwa mwenyewe mfupi, mnene, uso umebonyea kana kwamba amejigonga ukutani. Jina lake Jenerali. Bwana akirudi akamkuta mbwa mzima, Mansuetus atapewa kazi ya kupima kahawa.

"Mbwa wa Ulaya huyo, shemeji!" Mansuetus akajigamba. "Mwizi akisikia anavyounguruma tu, anakimbia."

"Haungurumi, anakoroma. Tena macho wazi."

Siku ya tatu, jua kali, Mansuetus akamtembeza kijiji kizima ili watu wamwone. Alirudi naye ulimi umegeuka zambarau, pumzi zinakwaruza. Jirani yangu Ottilia akakata shauri: mafua. Akachemsha majani ya mkaratusi, akaleta blanketi, Jenerali akafukizwa kama mtoto.

Nimezaa saba, wote nimewafukiza. Lakini mwenye mafua hutoka kamasi. Huyu pua ilikuwa kavu, matundu yake membamba kama ya kifungo. Nikalivuta blanketi.

"Shemeji, utamuua!"

"Ninyi ndio mnampika! Hana mafua huyu, hana pua. Mbwa hupoa kwa kuhema, nanyi mmemzibia."

Nikambeba hadi kwenye karo la kuoshea kahawa, nikamlowesha tumbo kwa maji ya kijito, nikampepea kwa ungo huku nasali rozari. Kwenye fumbo la tatu ulimi ukarudi kuwa mwekundu, akaanza kukoroma. Sikuwa nimepata kumshukuru Mungu kwa mkoromo, hata ule wa marehemu.

Mara tukaambiwa gari la bwana limefika kanisani, juu kilimani.

"Mlima ule mbwa huyu hauwezi kwa miguu," nikamwambia Mansuetus. "Mbeleke."

"Mimi? Mwanaume mzima?"

"Kazi ni ya nani?"

Nikamfungia Jenerali mgongoni kwa kanga yangu. Wanawake waliokuwa wakichuma kahawa wakasimama.

"Shikamoo, baba! Mtoto kafanana na nani?"

"Na baba yake," Ottilia akajibu. "Hamsikii wanavyohema?"

Mansuetus alitaka kuwatukana, pumzi zikamgomea.

Bwana alimtazama mbwa, akaitazama kanga, akatabasamu. "Kazi umepata. Anza kesho. Na huyu umbebe hivyo hivyo kila siku, naona amependa."

Mansuetus akanitafuta kwa macho. Mimi nilishaingia kanisani, nimepiga magoti, nimejiziba mdomo kwa kanga niliyobaki nayo, kicheko kisisikike.