Maharusi wa Stoo

Sheria mpya ilisema wazi: tofali lisilo na alama ya ubora ni marufuku kujengea shule wala zahanati. Kwa Baba Mdogo, hiyo ilikuwa kufa na kupona. Alikuwa na mashine moja ya kufyatulia matofali, uwanja mmoja na mafundi wanne, na zabuni ya zahanati ndiyo kazi pekee iliyokuwa mbele yake.

Mimi, niliyemaliza uhandisi juzi juzi, nilimjazia fomu zote nikiamini kwa moyo wangu wote kwamba kipimo hakimwonei mnyonge. Yeye hakuamini. Alifyatua matofali sita ya pembeni, saruji mara mbili, akayafungia stoo chini ya bati la moto, makavu, yasiguswe na mtu. Mafundi waliyaita maharusi.

Mengine yalibaki uwanjani chini ya magunia. Mama Mdogo aliyamwagilia maji asubuhi na jioni, mwezi mzima, kama alivyofanya miaka kumi na tisa.

Mkaguzi, dada mmoja, alipokuja, Baba Mdogo akawatoa maharusi wake. Yule dada akacheka kidogo.

"Kizuri chajiuza, mzee. Kanuni inataka nichague mwenyewe."

Akachomoa matatu katikati ya rundo la uwanjani. Baba Mdogo akamsihi hadi akakubali kupima na harusi mmoja, ingawa hangehesabiwa.

Maabarani, mashine ilikuwa na sahani mbili nene za chuma za kukandamizia na saa yenye mstari mwekundu wa kufaulu. Harusi akawekwa kwanza. Mshale ulipanda, na kabla haujaufikia mstari, tukasikia mlio mkavu. Amepasuka. Uso wa Baba Mdogo ukasawijika. Kama lenye saruji mara mbili limeshindwa, hayo mengine je?

Likawekwa la uwanjani. Mshale ukapanda, ukaugusa mstari, ukaupita, ukazidi kwenda. Chuoni nilikariri kwamba saruji hukomaa kwa maji, na kwenye mtihani nililipata swali hilo. Sikujua kumbe jambo lenyewe sijawahi kuliona kwa macho. Sasa niliziona ndoo zote za Mama Mdogo zimegeuka jiwe, zinakizuia chuma kisishuke. La pili likapita. La tatu nalo.

Mkaguzi akaliokota pande la harusi, akalisugua kwa kidole, likamwaga vumbi. Halikupewa maji, alisema, basi saruji yote ile imepotea bure.

Baba Mdogo akampigia simu mkewe, akamweleza yote, hata siri ya stoo.

"Umewafungia watu ndani mwezi mzima bila tone la maji," Mama Mdogo akasema, "halafu unashangaa wamezimia?"

Baba Mdogo akanisogezea simu sikioni taratibu, kama anayeogopa kuimwaga. Upande wa pili, maji yalikuwa yakimiminika juu ya magunia.