Sufi Kijitoni

Tangi la mafuta mazito la kiwanda cha sabuni lilipasuka asubuhi, na watu hawajamaliza chai, mfereji mzima ulikuwa mweusi mpaka kwenye kijito kinachomwagilia bustani za mboga. Wafanyakazi wakamwaga maranda ya mbao. Maranda yakanywa maji, yakazama, mafuta yakaendelea na safari yake.

Mshona magodoro wa mtaa ule, ambaye wote walimwita Mama Sufi, alisimama ukingoni akikunja pua. Harufu ile ilimkumbusha beseni la maji, mafuta machafu ya gari, na bintiye wa miaka kumi na tatu akichovya bonge la sufi ya kujazia magodoro, aliyoichota dukani kwa mama yake bila ruhusa.

"Mama, tazama. Inachagua. Maji inayakataa, mafuta inayanywa."

Siku ile Mama Sufi hakutazama. Alimfokea kwa kuharibu mali, basi. Sasa huyo binti, ambaye mtaa ulimbatiza Profesa kwa maswali yake, alikuwa na mwaka wa nane ng'ambo kwenye maabara za watu. Hupiga simu Jumapili: afya, mvua, haya mama, kazi njema. Hawakugombana kamwe. Maneno tu yaliwaishia.

Mama Sufi akamfuata msimamizi wa kiwanda, akamweleza. Msimamizi alimsikiliza kwa sikio moja, akasema hapa hapatandikwi vitanda. Waliokuwa karibu wakacheka, na Mama Sufi naye akacheka kidogo, kisha akaenda zake nyumbani.

Alirudi na vyandarua vikuukuu, sindano na magunia mawili ya sufi. Pamoja na wanawake wa bustani alishona mito mirefu kama chatu, wakaifunga kamba na kuilaza juu ya maji, ng'ambo hadi ng'ambo. Kufika adhuhuri mito ilikuwa imegeuka myeusi tii, ila haikuzama, na maji yaliyopita upande wa pili yalionyesha mawe ya chini. Msimamizi alivua kofia, akakuna kichwa, akaagiza gari likachukue sufi yote iliyokuwa dukani. Walikamua mito kwenye mapipa, wakairudisha majini, wakakamua tena.

Siku ya tatu sufi ikaisha, na pengo moja lilibaki, pale pale penye bustani.

Nyumbani lilikuwepo godoro moja, juu ya kitanda cha binti. Alilishona mwezi ule binti alipoondoka, na kila mwaka hulifumua, huianika sufi juani, na kulishona upya. Hakuna aliyewahi kulilalia. Mama Sufi aliketi juu yake kitambo, akipapasa mshono. Kisha akachukua wembe.

Jioni ile alipiga simu mwenyewe, na haikuwa Jumapili.

"Mama, kuna msiba?"

"Hakuna. Nataka tu kukwambia ulisema kweli siku ile ya beseni. Nimeitazama sasa."

Papo hapo maswali yakaanza: sufi waliishindilia au waliiacha legelege? Mto mmoja ulikamuliwa mara ngapi? Maji yalikuwa na kasi? Mama Sufi alijibu yote, na lile asilolijua alilikiri. Walizungumza mpaka simu ikapata moto shavuni.

"Utakuja lini, mwanangu?"

Mwaka huu likizo hakuna, binti alisema. Labda mwakani. Mama Sufi aliwajua watu wa mbali na mwakani yao. Ya godoro hakuyataja, asije akamtia uchungu bure.

Kijito kilichukua wiki mbili zaidi kusafika, na safu za mboga zilizokuwa karibu kabisa na maji zilikufa. Zilizobaki zilipona. Ijumaa moja binti akapiga tena. Alikuwa amesahau kuuliza kuhusu uzito wa mito ilipolowa. Mama Sufi alikuwa ameketi juu ya chaga tupu za kile kitanda. Alishika simu kwa mikono miwili na kujibu polepole, kila jibu akilirefusha kidogo, ili lizae swali jingine.