Ameambiwa Aje Kesho

Fundi Kesho alipokufa, mimi nilicheka. Nilikuwa karakanani napiga msasa kifuniko cha jeneza la mtu mwingine, mjomba akaingia akasema, "Fundi Kesho katutoka." Kabla akili haijaamka, mdomo ukawa umeshasema:

"Sasa atatuambia turudi lini?"

Mwenzangu, mpaka rangi wa pale, alicheka hadi akaweka brashi chini. Mjomba hakucheka. Ndiye mwenye karakana, na anaamini mtengeneza majeneza akionekana na meno nje, wateja watadhani anafurahia biashara.

"Redio, zima," akaniambia. Redio ndiyo mimi.

Marehemu alikuwa fundi cherehani, na jina lile alilifanyia kazi. Ukienda kuchukua suruali yako, njoo kesho. Ukienda kesho, njoo kesho. Kitambaa cha gauni la harusi la dada yangu kilikaa kwake mpaka akakiuza, kikageuka pombe. Dada akaolewa na gauni la kuazima, kubwa, limebanwa mgongoni kwa pini. Kwenye picha zote amesimama kama mlango, kwa sababu akigeuka kidogo tu pini zinaonekana. Mpaka leo albamu ile haitoki kabatini. Kwa hiyo nilikuwa na kesi na Fundi Kesho, na yeye akaanguka baa, bila padre, bila mpako wa wagonjwa, kabla kesi haijasikilizwa. Basi nikajiteua hakimu.

Kazi ya kuandika msalaba wake ikaniangukia mimi, maana kwa mwandiko mzuri sina mpinzani pale. Kawaida unaanza na penseli, ukiridhika ndipo unapita na rangi. Nikaandika jina lake la ubatizo, ambalo siku hiyo ndiyo nililijua. Nikaandika kuzaliwa na kufa. Nilipofika pale pa "Apumzike kwa amani", mkono ukaniwasha. Nikaikandamiza penseli kwenye mbao laini, nikaandika:

MBINGUNI AMEAMBIWA AJE KESHO.

Nikamwita mpaka rangi. Tukacheka tukashikana mabega. Nia yangu ilikuwa kufuta kwa msasa baada ya chai. Naapa ilikuwa hivyo.

Tulikuwa bado tunapangusa machozi ya kicheko alipoingia mama yake Fundi Kesho. Ni yule mama mrefu anayekaa benchi la mbele kanisani. Nilimwamkia, akaitika bila kuniangalia. Alikuja kuuona msalaba wa mwanawe. Nikajisogeza mbele yake, akanizunguka. Akainama, akaanza kusoma kwa sauti, silabi moja moja, kidole kikifuata.

"Mbi-ngu-ni... a-me-a-mbi-wa..."

Sijawahi kuandika sentensi ndefu kama ile.

Alipomaliza alirudia tena, haraka zaidi. Kisha akauliza, "Nani kaandika hapa?"

Mpaka rangi ghafla akaanza kutafuta brashi iliyokuwa mkononi mwake.

"Mimi, mama."

"Umeambiwa na padre?"

Sikuelewa.

"Maana mimi nilimuuliza," akasema. "Nilimwambia, Baba, mwanangu kafa hajaungama, yuko wapi? Akanijibu hukumu ni ya Mungu, sisi tuombe huruma. Neno zuri. Lakini nilipofika nyumbani nikakuta sina pa kulishikia. Hili lina pa kushika." Akaweka kiganja juu ya ubao. "Aje kesho. Maana yake hawajamfukuza. Mtu unayemfukuza humwambii aje kesho. Si ndiyo toharani yenyewe? Kakalishwa nje kwenye benchi, anasubiri, kama alivyowakalisha watu." Uso wake ukalegea, karibu kutabasamu. "Na amekoma, naamini. Liandike hivyohivyo, mwanangu. Rangi nyeusi, herufi kubwa, hata wa nyuma waone."

Hapo nikayaona makaburi. Watu wanasoma, wanatazamana, wanagusana viwiko. Kicheko kinaanza nyuma kama kikohozi, kinasogea mbele. Na mama wa watu amesimama pembeni ya msalaba, kichwa juu, anadhani anawagawia habari njema.

Nikinyamaza, namfanya achekwe na mji mzima. Nikisema, nampokonya kitu pekee alichopata tangu msiba uanze. Nikamtazama mjomba mlangoni, anisaidie.

"Mwambie," mjomba akasema, kisha akatoka.

"Mama, ule ni mzaha. Sikuambiwa na mtu. Niliandika ili tucheke."

"Kucheka nini?"

"Kwamba... yeye alikuwa anatuambia tuje kesho. Sasa na yeye, akifika kule..." Jaribu siku moja kumfafanulia mzaha mama wa mtu uliyemcheka. Kila neno linanuka.

"Kumbe," akasema.

Akauondoa mkono kwenye ubao kana kwamba ubao una moto. Akakaa kwenye benchi la kupigia randa, juu ya maranda, akatazama mikono yake.

"Alikukosea nini?"

"Gauni la dada yangu."

"Kile kitambaa cheupe." Aliitikia mwenyewe kwa kichwa. "Nilikiona. Nilimwambia, mwanangu, hicho ni cha bibi harusi, kishone. Akasema kesho. Nikamwambia nenda kaungame. Kesho, mama." Akaniinulia macho. "Ungekuwa wewe ndiye uliye pale mlangoni pa mbinguni, ungemfungulia?"

Niliutafuta mzaha, ukagoma. Nikautafuta uongo mtamu, nao nikaona utaniumbua.

"Leo nisingemfungulia, mama."

"Ungemwambia nini?"

Nikalisikia neno lenyewe likipanda kooni. Nilijaribu kulikwepa, nikakuta sina jingine.

"Ningemwambia... aje kesho."

Mimi masikio yalikuwa yanawaka. Mpaka rangi alikuwa ametazama ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Haya," akasema mwishowe, akainuka akipangusa maranda kwenye gauni. "Na wewe ni mtu tu, na una hasira. Futa."

Nikachukua msasa, nikaanza kufuta. Penseli ilikuwa imezama, nilisugua mpaka vidole vikapata moto. Mbinguni ikatoka. Ameambiwa ikatoka. Aje ikatoka. Nilipofika neno la mwisho, Kesho, akanishika kifundo cha mkono.

"Hilo liache. Lipakie rangi juu."

Nikalipakia rangi nyeupe mara mbili, na juu yake nikaandika Apumzike kwa amani. Huwezi kuona kitu, ila ukipitisha kidole unalikuta.

Makaburini nilibeba msalaba mimi. Rafiki zangu waliponiona nimetangulia mbele, mabega yalianza kuwatikisika. Walisubiri Redio ifunguke. Padre akasema, "Raha ya milele umpe, ee Bwana," na mimi nikajibu pamoja na wengine, "Na mwanga wa milele umwangazie," sauti ikanikatika katikati. Mmoja wao akacheka kwa nguvu, akijua naigiza. Sikuwa na haki ya kumkasirikia.

Watu walipoanza kutawanyika, mama alisogea, akapitisha kidole kwenye ubao, polepole, mpaka kikasimama.

"Misa yake ni kesho," akaniambia. "Uje na dada yako."

Nikaenda moja kwa moja kwa dada. Njia nzima nilipanga maneno, na kila sentensi niliyoijaribu ilikuwa na mzaha ndani. Nikautoa mzaha, sentensi ikabaki tupu. Nilipofika mlangoni kwake sikuwa na neno hata moja la kuanzia. Nikabisha hodi.