Tumeelewa, Bwana

"Rudieni," alisema mwalimu, na chumba kizima kikarudia kama bomba lililofunguliwa: "Tumeelewa, bwana."

Chumba kizima, ukimtoa Bi Pasi. Yeye aliufumba mdomo kama aliyeletewa dawa chungu, akamkazia mwalimu macho.

Jina hilo hakuzaliwa nalo. Alipewa pale pale kazini, kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali na mahoteli, kwa sababu alipata moto upesi na alichokipitia alikinyoosha. Kazi ikiisha alasiri, kampuni iliwakusanya kwenye chumba cha kulia, wakae kwenye mabenchi yenye makombo, wafundishwe lugha ya ofisi. Ndiyo lugha ya msimamizi. Wao walikuwa na yao, na msimamizi hakuwahi kuona haja ya kujifunza hata salamu yake. Mwalimu walimbandika jina la Rudieni, maana ndilo neno aliloingia nalo na ndilo aliloondoka nalo. Kitabu chake kilitoka ofisini. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na "Ndiyo, bwana", "Tumeelewa, bwana" na "Asante, bwana", na mvua zilianza zikakatika wakiwa bado wanauimba.

Waliuimba vizuri mno. Hicho ndicho kilichomuunguza mdogo wake Bi Pasi.

Ililetwa mashine ya kupigia pasi, ya rola mbili za moto: unaingiza shuka huku, linatokea kule limenyooka. Msimamizi aliieleza kwa lugha yake, mkono mmoja mfukoni, kisha akauliza kama wameelewa. Wakajibu kwa sauti moja, matamshi safi, kama walivyofundishwa. Akafurahi, akaenda zake. Haukupita muda, shuka likajikunja, mdogo wake Bi Pasi akataka kulinyoosha, rola zikaunyaka mkono. Mbele yao palikuwa na ufito mwekundu, umelala urefu wa mashine nzima. Ungesukumwa kwa goti tu, mashine ingesimama. Wote waliutazama. Hakuna aliyejua ni wa nini. Mpaka Babu Sabuni, mzee wa kuchanganya sabuni, afike mbio kwenye swichi kuu ya ukutani, vidole vilikuwa vimeshaiva.

Na kesho asubuhi inafunguliwa mashine ya pili.

"Mama, mbona kimya?" mwalimu aliuliza.

"Nimeshiba, mwalimu. Hiyo nimeila tangu mwaka uanze. Leo nataka nyingine. Tufundishe kusema hatujaelewa. Halafu utufundishe kusema rudia. Hilo wewe mwenyewe unalipenda."

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. "Hiyo iko sura ya mwisho. Tutafika."

"Tutafika na vidole vingapi?"

Kicheko kikakatika. Mdogo wake alikuwa amekaa benchi la nyuma, mkono wa bandeji umelala mapajani kama mtoto wa mtu mwingine.

Bi Pasi alikuwa na kumbukumbu ndefu. Utotoni, shuleni, aliyeuliza swali alipandishwa juu ya dawati, asimame hapo mpaka kengele, ili wenzake wamwone mjinga anavyofanana. Yeye alipandishwa kwa kuuliza maana ya wimbo waliokuwa wakiuimba kila asubuhi. Mvi zimeota, maana ya wimbo ule hajaambiwa.

"Kitabu nimepewa, mama," mwalimu alisema. "Sikukitunga mimi."

"Aliyekitunga amewahi kusukuma toroli la mashuka mabichi?"

"Sijui."

"Mimi najua. Ametutungia maneno ya kumfaa yeye, anatulisha kama makinda. Kwani sisi hatujui tunachotaka kusema? Midomo tunayo, kazi tunayo, na mashine za kututafuna tunazo. Tulichokosa ni maneno tu, na hayo ndiyo unayolipwa kutupa."

"Mwalimu," Babu Sabuni alisema taratibu, "huyu ukibishana naye utatoka humu umekunjwa mara nne."

Mwalimu alikifunga kitabu kwa kishindo. Akaelekea mlangoni, na kila mtu alidhani ndiyo basi. Lakini alisimama, akatazama ile bandeji, akarudi ubaoni na chaki mkononi.

"Haya," alisema kwa uchungu. "Kesho mnataka kusema nini?"

Lilikuwa swali lake la kwanza ambalo jibu lake halikuwa kitabuni. Na hakuna aliyejibu. Walitazamana, wakamtazama yeye, wakingoja aseme rudieni. Bi Pasi akahisi hasira mpya, safari hii juu ya wenzake na juu yake mwenyewe. Wamefungiwa muda mrefu kiasi kwamba mlango ukifunguliwa wanauliza ruhusa ya kutoka.

"Mimi," alisema mwishowe mama wa meza ya kukunjia, "nataka kumwambia msimamizi aonyeshe kwa mkono, si kwa mdomo."

"Mimi nataka kuuliza hiki ni cha nini," akasema mwingine.

"Mimi nataka kumwambia atoe mkono mfukoni," akasema Babu Sabuni, "ila kwa heshima."

Mwalimu akaandika. Alipofungua kinywa, Bi Pasi alimuwahi. "Hakuna kuimba. Kila mtu na yake."

Babu Sabuni akatembezwa kati ya mabenchi kama msimamizi, tumbo mbele, mkono mfukoni, akibwabwaja upuuzi, na kila aliyefikiwa alimtupia sentensi yake. Walikosea, wakarekebishana. Mwalimu alizunguka akisahihisha kwa kununa, na baadaye akasahau kununa.

Asubuhi msimamizi alisimama mbele ya mashine mpya. Alieleza. Aliuliza kama wameelewa.

Bi Pasi aliusikia ulimi wake wenyewe ukianza: "Tume..." Umezoea, mbwa mtiifu. Akaung'ata.

Kimya kile msimamizi hakuwahi kukisikia. Akauliza tena, kwa sauti zaidi, kama anayesema na viziwi.

"Hatujaelewa," alisema Bi Pasi.

"Onyesha kwa mkono," alisema mama wa kukunjia.

"Hiki ni cha nini?"

Msimamizi aliangalia saa yake. Akaeleza tena, mbiombio. Hawajaelewa. Akaeleza mara nyingine, uso umemvimba. Hawajaelewa. Ndipo alipoutoa mkono mfukoni, akausukuma ufito mwekundu, na mashine ikasimama kimya.

Mdogo wake Bi Pasi alitoka kwenye kundi. Akaiwasha mashine, akausukuma ufito kwa goti, ikazima. Akawasha tena, akazima tena. Akawapisha wenzake, na kila mmoja akapita, akasukuma, huku msimamizi akihema. Kumbe lilikuwa jambo la pumzi moja. Jambo la goti.

Kisha yule mdogo akauinua mkono wa bandeji mpaka usawa wa uso wa msimamizi. Hakuwa na sentensi ndefu. Alikuwa na maneno matatu aliyomwomba mwalimu faraghani.

"Na siku ile?"

Msimamizi alijibu bila kusita. "Siku ile mlisema mmeelewa."

Bi Pasi alilipata kila neno, bila kungoja mtu amtafsirie. Ilikuwa sentensi ya kwanza ya mtu yule kumwingia nzima, nayo ilimwingia kama rola ile. Walipewa wimbo, wakauimba, na sasa wimbo ndio shahidi dhidi yao. Alitafuta jibu katika lugha ya ofisi, akagonga ukuta. Hasira alikuwa nayo tele, ila maneno ya kuibeba hakuwa nayo. Msimamizi akaurudisha mkono mfukoni, akaondoka.

Siku nzima Bi Pasi aliingiza mashuka huku akilipanga jibu lake kwa lugha yake mwenyewe, akilikunja na kulikunjua.

Alasiri mwalimu alipoingia chumba cha kulia, alimkuta amesimama ubaoni, chaki ameishika yeye.

"Keti, mwalimu," alisema. "Leo nina sentensi moja. Ni ndefu, na kesho lazima niwe nayo."