Tumbo Lililopongezwa

Ulimi hauna mfupa, na siku ile ulimi wa mkataji wa nguo uliteleza kwa neno moja tu: asante.

Alikuwa amejifungua miezi saba iliyopita. Mtoto alishanona, anakaa mwenyewe, anavuta nywele za kila anayempakata. Tumbo la mama yake ndilo lililogoma kurudi. Asubuhi lilikuwa afadhali, lakini ikifika saa nane mchana, baada ya kusimama kutwa akikata sare za shule, lilituna mbele likagusa ukingo wa meza. Msimamizi wa karakana akapita, akalitazama, akatabasamu mbele ya watu wote na kusema hongera, naona hamtaki kupumzika. Washonaji wakacheka kwa furaha. Kukanusha kungechukua muda gani? Lakini aliona heri aitwe mjamzito kuliko watu wajue kwamba mwili wake umeshindwa kurudia hali yake. Akasema asante.

Karakana ile ilikuwa na desturi moja nzuri: mwenye mimba habebi majora. Jora moja la kitambaa lina uzito wa mtoto wa darasa la pili, na hubebwa begani kutoka stoo mpaka meza ya kukatia. Siku hiyohiyo alipewa kiti na kazi ya kushona vifungo, na majora yake yakaangukia mabega ya Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alikuwa mkataji mkongwe kuliko wote, mwenye miaka hamsini na sita na kiuno kibovu, na kila mtu alimwita hivyo. Aliyapokea bila kunung'unika. Alisema tu kwamba mimba za kufuatana zina kazi, muhimu mtoto akae salama.

Basi mkataji akashona vifungo bila kuinua uso, maana kila jora lililopita mlangoni lilimchoma. Nyumbani hakumwambia mume wake. Angeanzia wapi?

Aibu nayo ina ufundi wake. Alijishonea mkanda kwa kile kitambaa kigumu cha kutilia kola, akaukunja mara tatu, akautia vishikizo vinane. Akitoka kazini anaukaza ili tumbo lisionekane mtaani. Akifika kazini anaulegeza ili lionekane. Mambo haya yangekuwa kichekesho kama yangekuwa ya mtu mwingine. Mficha uchi hazai, wanasema watu. Huyu alishazaa, na bado anaficha. Mgongo ukaanza kumuuma. Siku aliyopiga chafya akajilowesha, ndipo alipokwenda kliniki.

Mtaalamu wa tiba ya viungo alikuwa msichana mdogo mwenye mikono yenye joto. Alimlaza chali, akamwambia ainue kichwa kidogo, akabonyeza juu ya kitovu. Vidole vitatu vikazama pasipo kipingamizi. Akamweleza kwamba misuli ya mbele, ule wa kulia na ule wa kushoto, iliachana wakati wa mimba kumpisha mtoto, na haijakaribiana tena. Huwapata wengi. Mkanda ule auweke kabatini, kwa sababu ukikazwa hivyo unasukuma kila kitu chini. Kila siku alale chali, akunje magoti, atoe pumzi polepole huku akivuta tumbo ndani chini ya kitovu, kama mtu anayefunga zipu ya suruali inayombana. Akitaka kuamka, ageukie ubavu kwanza. Mengine yatafuata misuli ikipata nguvu.

Mkataji akalia palepale kitandani. Miezi yote hiyo alidhani ni uvivu wake.

Alifanya mazoezi bila kuruka siku. Kufikia wiki ya kumi na mbili vidole vitatu vilikuwa kimoja na nusu, chafya hazimtishi tena, na tumbo limetulia. Angefurahi, tatizo ni kwamba njia ya mwongo ni fupi. Kwa hesabu za karakana alipaswa kuwa mwezi wa saba, na aproni inampwaya. Wenzake walikuwa wameacha kumuuliza habari za mimba. Akiingia, wananyamaza.

Mchana mmoja Shangazi alimwita stoo, akafunga mlango, akamkalisha kando yake juu ya jora.

"Mwanangu, tumeona," alisema. "Hukusema, na sisi hatukuuliza. Lakini usibebe peke yako. Mimi walinitoka wawili. Wa pili alikuwa na miezi sita, wa kiume, nilimwona uso. Baada ya siku mbili nilikuwa hapa nakata nguo za watu. Hata baba watoto sikumwambia kuwa nilimwona."

Mkataji alihitaji kuinamisha kichwa tu. Hata kusema asingehitaji. Uongo ungezikwa kwa heshima, na nani angefukua? Akamwacha Shangazi aendelee mpaka mwisho, alivyokuwa yule mtoto, vidole vyake, mpaka akajifuta machozi kwa pindo la aproni. Katikati ya maneno yale mkataji alijigundua yuko mbali, anapima kama uongo huo utafaa. Akaona haya kuliko alivyowahi kuona maishani mwake.

"Shangazi, hapakuwa na mtoto," alisema. "Sikuwa na mimba."

Akaeleza yote, tangu ile hongera mpaka kliniki. Shangazi hakupaza sauti. Aliuliza jambo moja.

"Mbona umeniacha nikamaliza?"

Angeweza kusema alipigwa na bumbuwazi, na angeaminiwa.

"Nilikuwa nafikiria nipokee pole."

Shangazi aliinuka kwa shida, mkono mmoja kiunoni.

"Wenzako utawaambia mwenyewe, leo, kabla hawajatoka," alisema. "Ya majora nitakusamehe, nipe muda. Ila wanangu wale wawili usiwataje mahali popote."

Akafungua mlango, akauacha wazi. Nje cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine, na washonaji wote wakamgeukia mkataji, nyuso zimejaa huruma.