Miguu Miwili ya Sikujua

Elinaja alikuwa na miaka arobaini na mmoja, kazi nzuri katika maabara ya hospitali na nyumba yake mwenyewe huko ughaibuni, mjini Blaine, lakini Jumamosi hiyo aliendesha gari kwenda Oakdale akiimba kama mtoto aliyeahidiwa pilau. Kwenye kiti cha nyuma, binti yake Leah, wa miaka minane, alijiziba masikio.

"Mama, please!"

"Leo sinyamazi," akamjibu. "Leo ni siku ya Sikujua."

Sikujua alikuwa mwanasesere wa vitambaa katika vitabu vya hadithi ambavyo Elinaja alivisoma utotoni Singida mpaka kurasa zikalegea. Mguu wake wa kulia ulikuwa wa kijivu, wa kushoto wa mistari myekundu, na kila alipotajiwa kosa alitaja jina lake. "Nani kala sukari?" "Sikujua!" "Hukujua nini?" Hapo ndipo vurugu ilipoanza, na Elinaja, mtu mzima na akili zake, bado alicheka peke yake jikoni akiikumbuka.

Wazazi wa darasa la Kiswahili la Jumamosi walikuwa wamemwomba awasimulie watoto historia ya mwanasesere huyo. Walitarajia dakika kumi. Yeye alitafuta habari miezi miwili, akapiga simu huku na huko mpaka akampata Victoria wa Dodoma, binti wa marehemu Mwalimu Laurean, mtunzi wa vile vitabu. Victoria alimwambia jambo lililomfanya arukeruke kitandani na viatu vyake miguuni: mwanasesere mwenyewe, yule wa kweli, bado yupo, ndani ya kabati la vioo sebuleni.

Saa nne asubuhi chumba cha maktaba ya Oakdale, darasa lilikokutana, kilijaa. Watoto walikaa kwenye zulia, wazazi wakaketi kando ya ukuta na makoti yao mapajani. Elinaja alisimama na karatasi zake kumi na sita.

"Mwaka 1968," akaanza, "Mwalimu Laurean alikuwa amelala ndani ya treni. Akaota mwanasesere mwenye miguu ya rangi mbili. Treni ilipofika, akashuka, akaenda moja kwa moja kwa fundi cherehani, akasema—"

Kicheko kilipasuka nyuma ya chumba. Aliyecheka alikuwa mama aliyekwisha kupita umri wa makamo, amejifunga mtandio wa rangi ya zabibu, mkono mmoja umeshika tumbo. Kando yake alikaa mwanawe, Badawy, mwenye duka la vyakula, ambaye watoto wake walisoma darasani hapo. Alionekana kutamani zulia limmeze.

"Mama, tafadhali. Watu wanasikiza."

"Na wasikize!" Mama akainuka. "Treni gani, mwanangu? Yule hakuotwa. Yule n'lim'shona mimi, Salwa, kwa mikono yangu hii."

Ndani ya Elinaja vitu viwili viligongana: miezi yake miwili ya kazi ikianguka chini pu, na furaha kubwa isiyo na adabu ikipanda juu. Furaha ikashinda. Akavuta kiti, akamwita mbele. "Njoo hapa, Bi Salwa. Sema yote."

Bi Salwa hakuhitaji kubembelezwa. Baba yake, alisema, alikuwa fundi cherehani Kibokoni, Mombasa. Mwalimu Laurean alipanga chumba cha juu na kufundisha shule ya jirani. Yeye Salwa alikuwa na miaka tisa na hamu ya mwanasesere iliyomnyima raha. Akaokota mabaki kapuni: kichwa, mwili, mguu mmoja wa kikoi chenye mistari. Mguu wa pili, kitambaa hakuna.

"Na pale ukutani," akasema, "imetundikwa suruali ya kijivu. Mpya. Imepigwa pasi. Ya bwana harusi."

"Hapana!" akapiga kelele Elinaja.

"Harusi Ijumaa, leo Jumatano. Nikachukua mkasi."

Watoto walianguka chali kwa kucheka. Hata Badawy, aliyezoea visa vya mama yake, alitoka macho; hiki alikuwa hajawahi kukisikia.

"Baba akarudi. 'Nani kakata suruali hii?' Nami n'sijue la kusema. Nikajibu, 'Sikujua.' 'Hukujua nini?' 'Sikujua!' Na Mwalimu yuko ngazini, acheka mpaka yuwakaa chini. Baba akamnyakua mwanasesere wangu, amwangalia mguu, akasema, basi huyu ndiye Sikujua."

"Na bwana harusi?" akauliza mtoto mmoja.

"Alivaa kanzu. Akapendeza zaidi."

Kisha sauti yake ikashuka kidogo. Mwalimu alimwazima mwanasesere ili amchore. Akaahidi kumrudisha kesho yake. Mara akaitwa kwao kwa msiba, akafunga sanduku, akaondoka asirudi. "Na mimi kila asubuhi nikakaa ngazini kumngoja."

Baba mmoja, Geofrey, mhasibu mwenye tabia ya kukagua kila kitu, akainua mkono. "Samahani, mama. Lakini mtu yeyote anaweza kusema hivyo."

"Haya. Kichwani n'litia vifungo vinne vya ile suruali, katikati ya pamba. Mwenye naye na amtikise."

Elinaja alikuwa ameshachukua simu. Dodoma ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Victoria alitokea kwenye kioo cha simu na unga mikononi.

"Dada Victoria, mtoe Sikujua kabatini! Mtikise kichwa!"

"Kwani kuna nini?"

"We mtikise tu!"

Chumba kizima kikasogea karibu na simu. Simu ikatoa mlio wa ufunguo, mlango wa kioo, kisha: cha, cha, cha.

"Hivi?" akauliza Victoria. "Sisi tulidhani ni kokoto."

Maktaba ile haikuwahi kusikia vigelegele vya namna hiyo. Elinaja aliruka, akamkumbatia Bi Salwa, akamkumbatia Geofrey bila kukusudia, akamkumbatia na mkutubi aliyekuja mbio mlangoni na kidole mdomoni, akamsimulia kisa chote kwa Kiingereza huku akitikisa hewani kichwa cha mwanasesere asiyekuwepo. Mkutubi akaishia kukaa zuliani na wengine.

Victoria aliposimuliwa alifuta macho kwa kiwiko. "Baba alikuwa akilitazama hili kabati anasema, 'Kuna mtoto nilimdanganya.' Hatukumwelewa. Ile ya treni alitunga, nadhani kwa aibu. Bi Salwa, nitamleta mwenyewe kwa ndege."

Bi Salwa aliishika simu kwa mikono miwili. "Umezeeka, shoga yangu," akamwambia mwanasesere. Kisha akauliza: "Victoria, una mjukuu?"

"Ninaye. Ana miaka minne."

"Basi kwangu usimlete. Mpe huyo."

"Jamani, atamchana!"

"Na amchane. Atashonwa. Miaka yote hii afanya nini kabatini?"

Victoria akamwita mjukuu wake. Mikono midogo ikatokea, ikamkamata Sikujua mguu wa kijivu, ikatoweka naye. Wakasikia kicheko kikikimbia uani. Bi Salwa alicheka na kulia kwa pamoja, na Leah, ambaye kwa kawaida alijibu kila kitu kwa Kiingereza, akamvuta mtandio.

"Bibi, mimi... unaweza kunifundisha kushona?"

Siku hizi kila Jumatano baada ya kazi, Elinaja anampeleka Leah kwa Bi Salwa. Mtoto anashona vibaya na kujichoma kidole. Mama yake anaandika historia upya, kwa shida, maana Bi Salwa anakatiza kila sentensi, na wote watatu wanacheka mpaka jirani wa chini anagonga dari, halafu anapanda kuuliza kuna nini.