Matanga ya Tufani ya Temeke

Wallahi yote haya yametokea, na kama nadanganya basi mkono huu ninaoandikia uote ukurutu. Nilikuwapo. Pale mtakapoona nimezidisha, mjue hapo ndipo nilipopunguza, kwa kuwahurumia.

Mwaka wa hamsini na tatu pale Temeke tulikuwa na timu ya mpira ikiitwa Tufani. Wachezaji hodari, washabiki kama siafu, na mwenyekiti mmoja, Sadallah, muuza mkaa. Huyu ungemkabidhi bahari jioni, asubuhi ungekuta chumvi tupu, na chumvi yenyewe keshaipima kwenye vibaba anauza.

Hakuna aliyemchagua. Mwaka wa arobaini na nane alinunua mpira mmoja, na tangu siku hiyo akasema timu ni yake. Mpira wenyewe basi! Ulishonwa viraka hadi ngozi ya kwanza ikahama; ukiupiga kwenda Keko, unageuka njiani kwenda Mbagala. Jezi akawakodisha wacheza ngoma ya beni, hata siku tuliyocheza na watu wa Chamazi winga wetu aliingia uwanjani na kanzu, kaikunja magotini kama mwenda bondeni. Milingoti ya goli akaing'oa, eti ina mchwa. Wiki ya pili tukaiona kwake imekuwa nguzo za baraza, chokaa bado nyeupe, na nyumba ikawa na mlango wa yadi nane. Mgeni alikuwa hajui aingilie wapi. Kipa wetu, Marijani, kila akipita pale alisimama katikati kwa mazoea, na mke wa Sadallah alipomrushia maganda ya muhogo kumfukuza, aliyadaka yote.

Tulivumilia. Mswahili huvumilia mpaka ujinga unageuka sifa.

Likaja Kombe. Ofisi ya chama cha mpira ikataka ada ya kuingia, shilingi thelathini, mwisho Jumatatu saa nane mchana. Timu isiyolipa inafutwa daftarini, na uwanja wake wanapewa wengine. Tukachangishana, mwenye kibarua na asiye na kibarua, zikatimia. Kisha, kwa akili zetu za mbuzi wa kafara, tukampa Sadallah apeleke.

Jumamosi tukasikia redio inaimba kwake. Redio mpya ya betri, sauti inafika Mtoni. Tukaenda watu sita.

"Shikamoo, mwenyekiti. Ada umepeleka?"

"Marahaba. Ada gani tena? Si hiyo mnaisikia? Nimewanunulia redio ya klabu, msikilize mpira wa Ulaya, mjifunze."

"Ya klabu, mbona iko chumbani kwako?"

"Kwenu kuna vumbi."

Tungemshtaki wapi? Risiti hatuna, na kitabu cha risiti alikuwa akifungia karanga.

Ndipo mie nikatoa shauri, na nawaambia shauri lilikuwa langu. Nikasema: mji huu msiba haufukuzwi mlangoni. Tufani ikifutwa Jumatatu, imekufa. Basi tuilie Jumapili, kwa baba yake, Sadallah. Mwenye msiba ndiye alishaye waliaji, na mchele wa watu mia mbili utamuuma kuliko shilingi thelathini. Atazitapika tu.

Jumapili asubuhi tukaulaza ule mpira juu ya kitanda cha kamba, tukaufunika kanga, tukaubeba hadi barazani kwa Sadallah. Kilio! Nililia mie kuliko wote, nililia mpaka mbwa wa Chang'ombe wakaitikia.

Sadallah akatoka na shuka kiunoni.

"Kafa nani?"

"Tufani."

"Poleni. Mazishi saa ngapi?"

Akarudi ndani, akaongeza sauti ya redio. Waliaji tukatazamana. Jua likapanda, wali hakuna, hata maji hakuna. Yule mtu hakuwa na haya hata ya kuazima.

Wakaja Wanyamwezi. Msiojua mjue: sie Wazaramo, na Sadallah akiwemo, ni watani wao tangu enzi za misafara ya babu zetu. Msibani mtani ana ruhusa. Atatukana, atamwiga marehemu, atachukua kitu cha mwenye nyumba hadi kikombolewe, na atakayekasirika ndiye mwenye makosa. Mbele yao alikuwa Felicitas, muuza maandazi, mwanamke wa Tabora, mwenye mdomo wa kufulia nazi.

Akafunua kanga, akautazama mpira uliosinyaa.

"Uwii! Marehemu kafa kwa njaa! Wazaramo nyie, hata mpira umewashinda kulisha, na chakula chake ni upepo?"

Watu wakacheka na machozi usoni. Felicitas akapita mlango wa yadi nane bila kubisha hodi, akatoka na redio kichwani, bado inaimba.

"Mtani, hii naondoka nayo. Komboa."

"Mama, weka chini, kitu cha watu hicho!" akapiga kelele Sadallah.

"Cha watu, ndiyo. Ndiyo maana nakichukua mbele yao."

"Nitakupeleka kwa liwali!"

Mzaramo kumkasirikia mtani msibani! Hata mkewe alijifunika uso. Sadallah akaona atahama mji kwa aibu, akaingia ndani, akatoka na shilingi ishirini na mbili, noti na sarafu zimekuwa nyeusi kwa mkaa.

"Sina zaidi, hata mkinichinja."

Zikapungua nane. Na Sadallah, kwa vile mwizi akizama hutafuta mguu wa kushika, akatugeukia.

"Haya, mie mwizi. Na hawa wanaolia, ni wanachama wote? Mtani, waulize kadi!"

Felicitas akapenda wazo, akaitua redio chini. Watu wakatoa kadi kofiani, wakatoa kwenye mapindo. Akapita, akapita, akasimama kwangu.

"Na wewe, Hija, mfiwa mkuu, uliyelia mpaka maandazi yangu yakapoa? Kadi iko wapi?"

"Nyumbani."

"Namba ngapi?"

"Namba... ya zamani."

Marijani, mtu niliyemshangilia hadi sauti ikakauka, akadakia: "Huyu? Huyu huingia kwa tundu la ua wa makuti, nyuma ya goli langu. Mwaka wa nne sasa! Goli la wale wa Mtoni nilifungwa namvuta mguu, kanasa!"

"Kumbe marehemu kaliwa na wawili," akasema Felicitas. "Mmoja kamla mezani, mmoja kamla dirishani."

Akainama, akanivua viatu, akavipanga juu ya redio. Nikamwambia nilicho nacho ni shilingi kumi tu, na hizo ni kodi ya kichwa.

"Serikali itakuandikia barua. Sie tunakudai hapa hapa. Toa nane, zilizobaki nakusamehe kwa ajili ya machozi."

Watu mia mbili wananitazama, na Sadallah, mbwa yule, anacheka kuliko wote. Nikafungua pindo. Nikahesabu polepole, nikitumaini ya tano itapotea njiani, haikupotea. Thelathini zikatimia, akapewa Marijani alale nazo, na kesho yake alifika ofisini kabla ya karani. Tufani ikaandikwa.

Nikanyoosha mkono kuchukua viatu vyangu. Felicitas akanyoosha wake.

"Viatu vyako hivyo, umekomboa. Lakini kanga mliyomfunikia marehemu mmeianua kambani kwangu. Shilingi mbili."

Nikampa.